Mkufu wa mbegu umepasuka, bangili inatoa unga: kusoma dalili za mapambo ya mimea

Ukiletewa mkufu wa mbegu uliopasuka, usianze kwa kuuliza ulipakwa nini. Uliza umekuwa ukikaa wapi, na mbegu zake zilikaushwa siku ngapi kabla ya kutungwa. Nimetengeneza na kukarabati mapambo ya mbegu, mbao, vifuu na majani kwa muda mrefu, na kasoro nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za maji: yaliyobaki ndani, yaliyoingia baadaye, au yaliyotoka kwa haraka kuliko kitu kilivyoweza kustahimili. Jiwe halinywi. Kioo hakinywi. Mbao, mbegu na jani lililosukwa hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena, na kila kinachokunywa huvimba na kusinyaa.

Kwa hiyo, kabla ya kushughulikia dalili yoyote, tafuta mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima fungu la mbegu au shanga kila siku saa ile ile na uandike. Uzito ukikaa palepale siku tatu mfululizo, zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Ukiwa bado unashuka, usipake, usitunge. Kugusa kwa mkono hakutoshi, kwa sababu ngozi ya nje hukauka siku nyingi kabla ya moyo wa ndani, na mkono hugusa ngozi tu.

Nyufa

Ufa utazame mahali ulipoanzia.

Kipande cha tawi kilichokatwa kama sarafu kikifunguka ufa mmoja mpana, kuanzia kwenye kiini hadi kwenye gome, usilaumu msumeno. Mbao haisinyai sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake husinyaa kidogo mno, kama asilimia 0.1. Kutoka gome kuelekea kiini husinyaa wastani wa asilimia 4, na kwa kufuata mduara wa mti wastani wa asilimia 8, ingawa kila mti una tabia yake. Mduara unataka kupungua karibu mara mbili ya upana wa ndani, na kwa kuwa hauna pa kwenda, hupasuka. Dawa ni kutotumia kipande chenye kiini. Pasua tawi katikati kwanza, likauke likiwa nusu, kisha chonga shanga zako upande mmoja wa kiini. Kama unataka sarafu nzima yenye gome lake, kata nyembamba, milimita 3 hadi 5, toboa kiini ukitoe, na zikauke polepole kivulini. Hata hivyo baadhi zitapasuka, hivyo kata nyingi kuliko unazohitaji.

Nyufa fupi nyingi kwenye ncha za kijiti maana yake ncha zimekauka kabla ya katikati. Maji hutoka upesi zaidi mahali nyuzi zilipokatwa kuliko kupitia ubavuni. Ziba ncha kwa nta iliyoyeyushwa mara tu baada ya kukata, kisha kiweke kijiti ndani ya mfuko wa karatasi mahali pasipo na jua wala upepo mkali. Jua ndilo linalowaponza wengi. Mtu anaona mbegu zinang'aa juani anadhani zinakauka vizuri, kumbe ngozi ya nje inabana juu ya moyo ambao bado umejaa maji.

Kuna ufa mwingine unaotatanisha: shanga zilikaa nzima miezi mingi, halafu zikapasuka zote ndani ya wiki moja. Uliza kama mwenyewe amehamia chumba chenye kiyoyozi au kipasha joto. Mbao iliyotulia ndani ya nyumba huwa na unyevu wa kati ya asilimia 6 na 12 kulingana na hewa, wakati tawi bichi linaweza kubeba maji mazito kuliko mbao kavu yenyewe. Kusinyaa huanza unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30. Shanga iliyochongwa ikiwa na asilimia 18 itaonekana kavu, itashika msasa vizuri, itapokea mafuta, na bado ina safari ndefu mbele yake. Hewa kavu huikamilisha safari hiyo kwa siku chache tu.

Usikimbilie kujaza ufa. Ukijaza gundi na unga wa mbao wakati shanga bado inasinyaa, ufa utapanuka pembeni mwa kijazio. Ukijaza wakati wa ukavu mkubwa, msimu wa unyevu ukirudi mbao itavimba, itasukuma kijazio, na kupasuka upya mahali pengine. Pima kwanza, subiri uzito utulie, ndipo ujaze. Ufa mwembamba kama unywele kwenye mbao ngumu mimi huuacha, naupaka nta tu.

Pete ya mbao iliyokatika ni suala tofauti kidogo. Angalia vipande: karibu kila mara itakuwa imekatika sehemu mbili zinazotazamana, pale nyuzi zinapokatiza upana wa pete badala ya kuuzunguka. Pete iliyochongwa kutoka ubao mmoja ina sehemu hizo mbili dhaifu tangu kuzaliwa kwake, na hakuna mafuta yatakayoziimarisha. Itengeneze upya kwa ubao mwembamba kama karatasi nene, uliolowekwa maji ya moto, ukazungushwa kwenye bomba la ukubwa wa kidole hadi ukauke, kisha ukazungushwa tena mara tatu au nne kwa gundi. Hapo nyuzi zinazunguka kidole chote.

Mbegu zilizojikunja ngozi kama zabibu kavu hazikuharibika kwa uzembe wako wa kukausha. Zilichumwa hazijakomaa. Hazirekebishiki.

Mbegu hupasuka wakati wa kutoboa

Kabla ya drili, ijue mbegu uliyoshika. Ile mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, ya mmea unaoitwa kisayansi Abrus precatorius na ambao wengine huuita ututi, ina sumu kali iitwayo abrini. Mbegu za mbarika zina risini, sumu ya jamii hiyo hiyo. Mbegu nzima yenye ganda gumu huenda ikapita tumboni bila kuachia sumu yake, lakini mbegu iliyotobolewa imefunguliwa mlango, na vumbi la kutoboa huingia puani, machoni na kwenye mikwaruzo ya vidole. Abrini haina dawa ya kuipooza. Ninakuomba usizitoboe wala kuzitunga, hasa kwa mapambo yatakayoning'inia karibu na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Ipo mbegu nyekundu nzuri isiyo na doa, ya mti wa Adenanthera pavonina, inayofanya kazi ile ile kwa macho.

Sasa dalili. Mbegu ikitoka kipande upande wa pili, pale biti, yaani ncha ya drili, inapotokea, tatizo ni kwamba hakuna kilichoizuia nyuma. Weka kibao cha mbao laini chini yake, au bora zaidi toboa hadi nusu, igeuze, umalizie upande wa pili. Matundu mawili yasipokutana vizuri, biti ya milimita 1.5 ikipitishwa tena polepole itayaunganisha.

Ikipasuka mara tu biti inapoingia, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni biti butu. Biti kali hutoa nyuzi ndogo au chembe, biti butu hutoa unga laini na harufu ya kuungua. La pili ni mbegu kavu mno. Mbegu nyingi ngumu hutobolewa kwa urahisi zikiwa bado mbichi kiasi, kwa sindano nene tu, au baada ya kuchemshwa dakika 20 hadi 30 na kutobolewa zikiwa na joto. Hili linaonekana kupingana na nilichosema juu ya ukavu, lakini halipingani: toboa ikiwa laini, kisha ikaushe ikiwa na tundu lake. Tundu lenyewe huusaidia moyo wa ndani kupumua, na mbegu iliyotobolewa mapema hupasuka mara chache zaidi wakati wa kukauka.

Kifuu hakiogopi ukavu, kinaogopa joto. Ukiona moshi na ukingo wa tundu umekuwa mweusi, ondoa biti kila baada ya sekunde mbili tatu, iache ipoe. Punguza mwendo wa drili. Tagua, ile mbegu nyeupe ngumu ya michikichi ya Phytelephas ya Amerika ya Kusini ambayo watu huifananisha na pembe ya ndovu, ina tabia hiyo hiyo, na ikipata joto hutoa nyufa ndogo ndogo zinazoonekana siku ya pili.

Usishike mbegu kwa vidole. Ishike kwa jiliwa lililovishwa ngozi au mpira, au ichimbie shimo dogo kwenye kibao ikae humo. Na kwa anayeanza, Coix lacryma-jobi, yaani machozi ya Ayubu, ni zawadi: ina tundu lake la asili kutoka juu hadi chini, unachohitaji ni kuondoa kijiti kilichobaki katikati.

Vumbi la mbao, hata lisilo la mmea wenye sumu, si la kuchezea. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vaa barakoa, na fagia kwa kitambaa chenye maji badala ya kupuliza kwa mdomo.

Vishimo na unga mwembamba

Asubuhi unakuta kijilima cha unga chini ya bangili, laini kama unga wa ngano, na kwenye mbao au mwanzi kuna vishimo vya duara vya milimita 1 hadi 2. Huyo ni bungua. Alikuwemo tangu siku ulipoikata mbao. Mama yake alitaga mayai kwenye sehemu nyeupe ya nje yenye wanga, mtoto akala ndani kwa miezi, na kishimo unachokiona ni mlango wa kutokea. Wengi huziba kishimo na kudhani wamemzuia. Anayetoka ameshatoka, na walio ndani bado wanakula.

Kwa mbegu, kishimo cha duara kilichochongwa safi ni cha fukusi anayekula mbegu za jamii ya kunde. Yai liliwekwa shambani juu ya ganda la mbegu, na kiluwiluwi kikaingia kupitia tundu dogo lisiloonekana kwa jicho. Ndiyo maana mbegu huonekana nzima siku ya kuchuma na mbovu baada ya miezi miwili.

Dawa ninayoiamini ni baridi. Funga vitu vikavu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, uuweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiutoa usiufungue kwa siku nzima, ili unyevu wa hewa ugande nje ya mfuko na usilowanishe mapambo yako. Nasisitiza vikavu, kwa sababu maji yakiganda ndani ya mbegu mbichi huipasua. Asiye na friza anaweza kutumia joto: nyuzi 60 zikifika hadi moyoni mwa kipande na kukaa saa moja huua mayai na viluwiluwi. Mbao ambayo haijakauka vizuri itapasuka kwa joto hilo, hivyo ni njia ya mbegu na vipande vyembamba zaidi kuliko ya mbao nene.

Kuzitambua mbovu mapema kuna mbinu ya maji: zitie kwenye bakuli, nzima huzama na zilizoliwa huelea. Inafaa kwa mbegu nyingi, lakini usiitumie kwa komwe. Komwe huelea zikiwa nzima kabisa, ndivyo zinavyosafiri baharini hadi ufuo mwingine.

Mwanzi una sukari na wanga mwingi, na bungua huupenda. Uchemshe vipande nusu saa kabla ya kuvikausha. Maji yatageuka ya kahawia, na hicho kilichotoka ndicho chakula chake.

Ukungu na harufu

Madoa ya kijani, meupe au meusi yenye manyoya, na harufu ya ghala lililofungwa. Hapa maji yanajieleza yenyewe. Kuvu hukua unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi na kukaa hapo, na chini ya asilimia 65 hukua kwa shida. Swali ni maji yametoka wapi.

Ukungu ukianzia ndani ya tundu, mbegu zilitungwa hazijakauka. Ukianzia kwenye uzi, uzi ni wa pamba na umelowa jasho. Ukienea juu ya kila kitu kwa usawa, tatizo ni chombo: bati au mfuko wa plastiki uliofungwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuosha mbegu za mikufu sita, nikazifuta, nikazifungia kwenye bati siku hiyo hiyo kwa kuogopa wadudu. Baada ya siku nane zote zilikuwa na manyoya meupe. Tangu hapo huzihifadhi kwenye mfuko wa nguo au karatasi.

Kusafisha: peleka nje, sugua kwa mswaki mkavu ukiwa umevaa barakoa, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti kali zaidi ya hapo hukauka kabla ya kufanya kazi. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwa kuwa spiriti huyeyusha baadhi ya vanishi na rangi. Kisha kausha hadi uzito utulie. Jani lililoota madoa meusi ndani ya nyuzi zake halirudi rangi yake. Lifumue utumie lingine.

Rangi

Watu huniuliza zaidi kuhusu rangi inayopauka, na jibu mara nyingi halipendezi. Manjano ya binzari hupauka kwenye mwanga. Hakuna dawa ya nyumbani inayoizuia kabisa. Ukiitaka, iweke kwenye hereni za siku za sherehe na uzihifadhi gizani. Kwa rangi ya kudumu tegemea tanini (ile inayokausha mdomo kwenye chai kali), hina, au nili. Nili hukaa vizuri kwenye mwanga, ila ikikutia bluu kwenye shingo maana yake rangi ya juujuu haikusuuzwa vya kutosha. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe.

Rangi inayotoka na maji kwenye nyuzi za katani au majani kwa kawaida imekosa kishikio. Shabu ndiyo kishikio cha kawaida, kwa kiasi cha asilimia 15 hivi ya uzito wa nyuzi kavu, lakini nyuzi za mimea haziishiki shabu vizuri kama sufu. Zilowekwe kwanza kwenye maji ya tanini, kama ya maganda ya komamanga au majani ya chai, usiku mmoja. Baada ya hapo shabu, baada ya hapo rangi. Anayeruka hatua ya tanini ndiye anayerudi kulalamika kwamba shabu haifanyi kazi.

Rangi iliyogeuka ghafla si iliyopauka. Manjano ya binzari ikigusa sabuni huwa nyekundu ya matofali. Nyekundu ya maua ya rozela ikigusa sabuni huelekea bluu au kijivu. Sababu ni ugeuzi wa asidi na alkali, na jasho la mtu nalo laweza kufanya hivyo. Kwa binzari, maji yenye siki kidogo huirudisha.

Halafu kuna madoa meusi ya buluu kwenye mbao, kuzunguka pini, kipete au ndoano. Wengi huyaita ukungu na kuyasugua kwa spiriti bila mafanikio. Huo ni mkutano wa chuma na tanini pamoja na unyevu kidogo, kemia ile ile iliyotengeneza wino wa karne nyingi. Ukiyaona madoa hayo kama nukta zilizotawanyika, mbali na chuma chochote, jiulize kama ulisugulia stilwaya. Vichembe vyake hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, na mafuta yenye maji au jasho huviamsha. Juisi ya limau huyapunguza madoa mapya. Asidi ya oksaliki huyatoa vizuri zaidi, lakini ni sumu, vaa glavu na suuza sana. Baada ya hapo badili chuma kwa chuma kisichoshika kutu, na sugua kwa msasa pekee.

Juu panata, pamepauka au panabanduka

Pambo langu la kwanza la kifuu nililing'arisha kwa mafuta ya nazi. Lilipendeza siku ile. Baada ya miezi michache lilinata, likakusanya vumbi, na likanuka mafuta yaliyochacha. Mafuta ya nazi na ya zeituni hayakauki. Hubaki mafuta hadi yaoze. Yanayokauka ni kama ya mbegu za kitani, ambayo hushika oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, na hata hayo hunata ukiyapaka mazito. Paka kidogo, ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku kadhaa, rudia. Kwa kifuu kilichokwisha kunata, kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikauke, kisha msasa laini na nta ya nyuki.

Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto lenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa kimenyooka, au kizamishe kwenye maji. Usilale hujafanya hivyo.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na hulainika kabla ya hapo, kwa hiyo pambo lililoachwa kwenye gari juani litanata bila kuwa na kasoro yoyote. Lipoze, ulifute.

Mkufu ukinata upande wa nyuma ya shingo tu, shuku manukato. Shelaki, aina ya vanishi ya asili, huyeyuka kwenye alkoholi, na manukato mengi ni alkoholi. Doa jeupe kama maziwa kwenye shelaki ni unyevu ulionaswa. Mara nyingi huondoka lenyewe hewa ikikauka. Vanishi inayobanduka kama magamba ilipakwa juu ya ngozi ya mbegu yenye nta yake ya asili, au juu ya kitu kilichokuwa bado kinatoa maji. Ikwangue yote. Mbegu nyingi hazihitaji vanishi kabisa, zisugue kwa kitambaa tu mpaka zing'ae.

Gundi

Gundi haishiki kwa sababu tatu: mafuta, vumbi, au sehemu laini mno. Sugua kwa msasa namba 180, futa kwa spiriti, ngoja ikauke. Ukungu mweupe kuzunguka kiungo cha supaglu si kuvu, ni mvuke wa gundi yenyewe uliotua. Tumia kidogo zaidi mahali penye hewa. Kamwe usimwage supaglu kwenye pamba au nguo ya pamba, kwani hupata joto hata la kuunguza ngozi. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa mbao kwa mbao, lakini aina nyingi zake hulegea kwa jasho, na pale panapohitajika nguvu ni epoksi.

Maua makavu ndani ya resini yakigeuka ya kahawia au kuzungukwa na vipovu, hayakuwa makavu. Wiki 2 hadi 3 kati ya kurasa za kitabu kizito, si siku tatu. Resini yenyewe ikibaki inanata, vipimo vya sehemu A (resini) na B (kigumishi) vilikosewa, na kuongeza B juu yake hakutaiokoa.

Uzi unakatika

Tazama mahali ulipokatika. Ukikatika ndani ya tundu la shanga, ukingo wa tundu ni mkali. Usugue kwa msasa uliokunjwa kama sindano, au kwa tupa nyembamba. Ukikatika kwenye kifungo, uzi unasugua chuma. Uvishe uzi kijiwaya cha kuukinga pale unapopita kwenye kifungo. Ukikatika popote, huku ukifumuka kama pamba iliyooza, jasho limeumaliza. Choma ncha yake: pamba huwaka na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi, nailoni huyeyuka na kuwa kidonge.

Mkufu uliorefuka na kuonyesha uzi kati ya shanga ulitungwa kwa uzi ambao haukuvutwa kwanza. Ning'iniza uzi ukiwa na uzito mdogo usiku kucha kabla ya kuanza. Na acha nafasi ya unywele kati ya shanga za mbao, kwa sababu zitavimba msimu wa unyevu na zikiwa zimebanana zitauvuta uzi hadi ukatike.

Ukili uliolegea

Bangili ya ukindu iliyokuwa imebana siku ya kusukwa, wiki ya pili ina mianya. Ilisukwa ikiwa imelowa. Chane zikinywa maji huvimba, unazisuka zikiwa zimenona, zikikauka zinakonda na kuacha nafasi. Zinatakiwa ziwe nyevu, si zenye kudondosha maji: zichovye, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu saa moja au mbili, kisha suka. Usizilaze majini usiku kucha, zitakuwa nyeusi na kunuka. Ukishafika karibu na mwisho, acha kazi ikauke siku nzima, sukuma mistari ikaribiane, ndipo umalizie ukingo.

Zikivunjika wakati wa kukunja, ni kavu mno au ni majani ya zamani. Yaliyokaa juani muda mrefu hayarudi kuwa laini hata yakilowekwa.

Katani inayochoma ngozi ichane kwa kitana cha meno membamba, ichemshe kwa sabuni, kisha ipitishe kwenye nta. Ikichoma bado, itumie kwa hereni badala ya bangili.

Ngozi inawasha

Usikimbilie kuulaumu mmea. Kipele kikiwa kwenye tundu la sikio au pale kifungo kinapogusa shingo, mshukiwa wa kwanza ni nikeli kwenye chuma. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vyuma vinavyopita ndani ya tundu la sikio: mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Kuna matone ya kupima nikeli: pamba ikipakwa na kusuguliwa kwenye chuma ikageuka ya waridi, nikeli ipo. Badili kwa titani, au kwa kijiti cha mbao ngumu kilicholainishwa vizuri. Kumbuka tu kwamba kijiti cha mbao si cha sikio lililotobolewa karibuni, kwa sababu hunyonya majimaji na hakisafishiki.

Kipele kikifuata umbo la shanga zenyewe, sasa ndipo uulize mmea gani. Ganda bichi la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi hadi kutoa malengelenge, na mkorosho ni ndugu wa mwembe, ambao utomvu wake huwasha watu wengi. Usitengeneze pambo kwa ganda la korosho hata likionekana kavu. Mpingo na miti mingine ya Dalbergia huwasumbua baadhi ya watu, zaidi fundi anayevuta vumbi kuliko anayevaa, na vanishi iliyokauka barabara hutenganisha ngozi na mbao. Kipele kinachotokea kwa mtu yule yule kila anapovaa pambo la mti fulani hakitaisha kwa kuzoea. Mtengenezee la mti mwingine.